Intaneti Yetu (2): Msongamano wa Saa Mbili Usiku

Makala iliyopita ilituacha ufukweni, pale mikongo ya baharini inapotua Mombasa na Dar es Salaam. Leo tunaifuata data hadi sebuleni, kwa sababu malalamiko mengi kuhusu intaneti ya nyumbani yana saa yake. Mchana mambo shwari. Ikigonga saa mbili usiku video inaganda, mwanafunzi anasikia sauti ya mwalimu ikikatikakatika, na mwenye duka anayepandisha picha za bidhaa anasubiri hadi anakata tamaa. Ikifika saa saba usiku kasi imerudi yenyewe, bila fundi kugusa kitu.

Tatizo lenye saa halitoki kwenye mkongo uliokatika. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliumia kwa pamoja, mchana na usiku. Mtaa wako ukilegea kila jioni huku mtaa wa pili uko sawa, chanzo kiko karibu. Tena video nyingi tunazotazama hazivuki bahari kila tunapozifungua. Google na Netflix huweka seva zao ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti, na zile zinazopendwa zaidi hutunzwa humo ili zitumwe kutoka jirani.

Tuchukue nyumba yenye faiba. Wengi hudhani ule uzi wa kioo unatoka kwao moja kwa moja hadi kituoni. Katika teknolojia iliyoenea sana, inayoitwa GPON, sivyo. Uzi mmoja hutoka kituoni, na ukifika mtaani huingia kwenye kisanduku kidogo kilichofungwa juu ya nguzo au ukutani mwa ghorofa. Ndani yake mna splita, kifaa kisichohitaji umeme, ambacho huugawa mwanga kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Data ya wote hushuka kwa kila nyumba. Kifaa chako huchukua iliyoandikiwa wewe na kuiacha ya jirani. Kupandisha data ni kwa zamu: nyumba moja hupewa nafasi ya muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, inanyamaza, nyingine inaingia.

Uzi huo hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka na 1.25 kupanda, kwa nyumba zote kwa jumla. Nyumba 64 zikiuziwa megabiti 100 kila moja, zimeuziwa megabiti 6,400 kwenye njia yenye 2,500. Hilo peke yake si wizi. Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza mwaka 1909 kuchapisha hesabu za kujua laini ngapi zinawatosha watu wengi ambao hawapigi simu wote kwa wakati mmoja. Bila kugawana hivyo, bei ya faiba ingemshinda mwananchi wa kawaida. Kosa huanza pale kampuni inapozidi kuandikisha wateja na njia inabaki ileile. Na mara nyingi panapobana ni hatua moja juu ya splita: mtambo wa kituoni wenye, tuseme, nyuzi 16 za namna hiyo, uliounganishwa na mtandao mkuu kwa njia moja ya gigabiti 10. Mteja hauoni mtambo huo, na mhudumu wa simu anayemwambia azime ruta na kuiwasha hauoni pia.

Wenye ruta za laini ya 4G wamebanwa zaidi. Upande mmoja wa mnara, wenye masafa ya upana wa megahezi 20 na antena mbili, hufikia megabiti 150 hivi kwa sekunde mawimbi yakiwa safi kabisa. Hizo wanagawana ruta za majumbani na simu za kila anayepita barabarani.

Njia ikijaa, paketi, yaani vile vipande vidogo vya data, hupanga foleni kwenye kumbukumbu ya mtambo. Foleni nayo ikijaa, zinazofika hutupwa, na kompyuta iliyozituma hulazimika kuzituma upya. Oktoba 1986 jambo hili nusura liiangushe intaneti ikingali changa. Huko California, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani, umbali usiofika mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini! Kila kompyuta ilikuwa ikituma tena na tena, na kuzidi kuiziba njia. Van Jacobson, akishirikiana na Michael Karels, alipata dawa, akaichapisha 1988: kompyuta ikiona paketi zimepotea ipunguze mwendo, kisha iongeze kidogo kidogo. Simu iliyo mkononi mwako imerithi adabu hiyo, na ndiyo maana jioni intaneti hupungua badala ya kufa.

Msomaji anaweza kuthibitisha mwenyewe. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, ili waifai isikuchanganye, na uhakikishe hakuna mwingine nyumbani anayetumia intaneti. Pima kasi saa tatu usiku, kisha alfajiri, kwa siku kadhaa, ukichagua seva iliyo mjini mwako. Alfajiri ukipata kasi uliyolipia na usiku ukapata robo yake, umeshajua: njia imejaa kati yako na kampuni. Seva ya karibu ikiwa sawa na ya Ulaya ndiyo inayolegea, msongamano uko mbele zaidi. Andika saa na tarehe za vipimo vyote na upige picha za skrini, maana mhandisi hawezi kuzipuuza kama anavyoweza kupuuza neno "inasumbua".

Kinachoniuma ni kwamba takwimu hizi kampuni inazo tayari. Mitambo yake hurekodi kila dakika chache njia imejaa kiasi gani, lakini mteja huonyeshwa kasi ya juu kabisa tu. Uingereza, chini ya kanuni za hiari za Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa huko, zilizoanza kutumika Machi 2019, kampuni zilizojiunga humpa mteja kabla hajasaini makadirio ya kasi ya kati ya saa mbili na saa nne usiku, pamoja na kiwango cha chini kinachodhaminiwa. Kasi ikishuka chini ya hapo na isirekebishwe ndani ya siku 30, mteja huvunja mkataba bila faini. Naona Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huku kwetu na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zingefanya vyema kulidai jambo hilohilo, na lichapwe kwenye fomu ya maombi karibu na bei. Kwa sasa, kabla ya kusaini, muulize wakala maswali mawili: nyumba ngapi zinagawana uzi wangu, na kasi yenu saa mbili usiku ni ngapi?

Wiki ijayo: waifai ndani ya nyumba za ghorofa.