Je, Wajua? Intaneti ya angani iliwahi kujaa Kiambu

Novemba 2024, mkazi wa Kamenu, Thika, aliyetaka kujiunga na Starlink alikuta nafasi zimekwisha. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyoingia Kenya Julai 2023, ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kiambu ikiwemo. Wateja wapya walianza kupokelewa tena katikati ya 2025. Setilaiti zake huzunguka kilomita 550 hivi juu ya ardhi, na wateja wa eneo moja hugawana uwezo uleule. Palipo na watu wengi hujaa upesi. Sahani yake pia hutaka anga wazi, kitu adimu kwenye ploti zilizobanana na ghorofa.

Mjadala kuhusu intaneti ya setilaiti ulikuwa umeanza mapema. Julai 2024 kampuni ya simu ya Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zifanye kazi chini ya kampuni zenye leseni nchini. Safaricom ilitaja usalama na mwingiliano wa mawimbi. Wapinzani waliona hofu ya ushindani tu, na bei za Starlink ziliwapa hoja: mtambo wa kukodi shilingi 1,950 kwa mwezi, na gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300.

Hata hivyo, shaka juu ya kampuni za kigeni haikosi msingi. Julai 2020 Loon, kampuni dada ya Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kurusha maputo yapatayo 35 ya intaneti, kilomita 20 angani. Biashara haikulipa. Machi 2021 huduma hiyo ilizimwa.