Ufito Mrefu kwa Samaki Mwenye Mdomo Laini

Katika jimbo la Tennessee, Marekani, liko ziwa liitwalo Reelfoot, lililotokea kwa matetemeko ya nchi ya miaka ya 1811 na 1812. Visiki vya miti iliyozama vimejaa majini, na humo hujificha samaki aitwaye krapi. Mashua ikisogea karibu mno, samaki hushtuka. Basi wavuvi hutumia ufito wa futi 10 hadi 16 kushusha chambo taratibu kando ya kisiki.

Mdomo wa krapi ni mwembamba kama karatasi. Kwa hiyo chagua ufito wenye ncha ipindikayo upesi. Kisha funga kigurudumu cha mshipi, uuweke ufito juu ya kidole pale ushikapo: ukilala sawa kama mizani, vinapatana, ncha ikianguka, mkono utachoka mapema. Na avutaye kwa nguvu ataurarua mdomo, na kitoweo kitakwenda zake.