Kinachoua mgonjwa Garbatulla si maradhi peke yake

Hebu, msomaji, tuanze na hesabu ndogo. Mama aliyetoka kujifungua akianza kuvuja damu kwa wingi anaweza kukata roho katika muda wa saa mbili, na wakati mwingine hata kabla ya hapo. Kutoka mji wa Garbatulla hadi hospitali ya rufaa mjini Isiolo ni zaidi ya kilomita 100. Kwa mama aliye bomani upande wa Sericho, safari inaanzia mbali zaidi ya hapo. Gari lazima lipatikane, liwe na mafuta, na laga, ile mito ya msimu, isiwe imejaa maji.

Weka saa hizo mbili upande mmoja na kilomita hizo upande wa pili. Utaona mara moja kwa nini maradhi ambayo humlaza mgonjwa wa Nairobi siku tatu humpeleka mwingine kaburini.

Wengi wetu tunaoishi mijini tukisikia mtu amefariki hospitalini huuliza, "Alikuwa anaugua nini?" Ni swali zuri, lakini halitoshi. Wataalamu wa afya wanaochunguza vifo katika hospitali zenye uwezo mdogo huuliza pia: Alifika saa ngapi? Nani alimpokea? Palikuwa na damu? Palikuwa na oksijeni? Alipotoka, alirudi kwenye hali gani? Majibu ya maswali hayo mara nyingi hueleza kifo kuliko jina la ugonjwa.

Eneo kubwa, watu waliotawanyika

Garbatulla ni moja ya kaunti ndogo tatu za Isiolo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 99,730 huko, wengi wao wakiwa wafugaji wa jamii ya Waborana. Eneo lenyewe ni kame, joto ni kali, na makazi yako mbalimbali: Kinna, Kulamawe, Sericho, Modogashe na vijiji vilivyo katikati.

Historia nayo imeacha kovu. Wakati wa vita vya Shifta katika miaka ya 1960, Waborana wa Isiolo walikusanywa kambini Garbatulla, Merti na Modogashe, na mifugo wengi wakapotea. Watu walioishi kwa maziwa na nyama wakajikuta maskini, na barabara, shule na hospitali zilichelewa kuwafikia. Miaka ya karibuni, ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kudumu hadi mapema 2023 uliwamalizia wengine mifugo waliyokuwa wamebaki nayo.

Kwa hivyo haikuwa ajabu kwamba mwaka 2015, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipoanzisha mpango wa pamoja wa kupunguza vifo vya akina mama nchini Kenya, Isiolo iliwekwa miongoni mwa kaunti sita za kushughulikiwa kwanza, pamoja na Mandera, Wajir, Marsabit, Lamu na Migori.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mzazi huuawa na kuchelewa kwa aina tatu. Maelezo yao yanatumika hadi leo, na yanawahusu wagonjwa wengine pia.

Kuchelewa kwa kwanza ni kule nyumbani, katika kuamua. Chukua mfano wa mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Mumewe yuko fora na ngamia, mwendo wa siku mbili. Mama mkwe anasema wangoje alfajiri, kwani yeye mwenyewe alizaa watoto saba papo hapo. Huenda hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja bomani, lakini saa zinapita.

Kuchelewa kwa pili ni njiani. Ambulensi moja ikiwa imempeleka mgonjwa Isiolo, wa pili hana budi kuisubiri irudi. Familia huchanga fedha za kukodi gari, na fedha zisipopatikana huuza mbuzi. Wakati wa kiangazi mbuzi aliyekonda hana bei.

Kuchelewa kwa tatu ndiko wengi wetu hatukufikirii, nako ni kule kunakotokea mgonjwa akiwa tayari amepita lango la hospitali. Je, msomaji, ulidhani kufika ni kupona?

Ndani ya lango

Mwaka 2018, kamati ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Lancet ilikadiria kwamba vifo zaidi ya milioni 8 vinavyoweza kuzuiwa kwa matibabu hutokea kila mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Kati ya hivyo, takriban milioni 3.6 ni vya watu wasiopata huduma, na takriban milioni 5 ni vya watu walioipata lakini ikawa duni. Maana yake ni kwamba wanaofia mikononi mwa huduma mbovu ni wengi kuliko wanaokufa bila kuiona.

Ubovu huo hautokani na roho mbaya ya wahudumu. Fikiria muuguzi mmoja aliye zamu ya usiku katika wodi iliyojaa. Mtoto wa kitanda cha mwisho anaanza kupumua kwa shida saa nane usiku. Muuguzi yuko chumba cha kujifungulia. Anaporudi saa tisa, mtoto amekwisha kulegea. Hakuna aliyezembea, bali mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili.

Mwaka 2025, jarida hilo hilo lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 19,000. Mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Saba kati ya kila kumi wa mahututi hao hawakuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi bali katika wodi za kawaida. Miongoni mwa walioshindwa kupumua vyema, karibu nusu tu walikuwa wakipewa oksijeni. Katika muda wa siku saba, mmoja kati ya mahututi watano alikuwa amefariki.

Oksijeni, msomaji, si mashine ya ajabu. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni huonyesha kama mgonjwa anaihitaji. Lakini mtungi wake ni mzito, hujazwa mbali, na mashine ya kuitengeneza papo hapo haifanyi kazi umeme ukikatika.

Damu nayo ni hadithi nyingine. Hata ikiwekwa katika baridi ifaayo, haidumu zaidi ya wiki tano hivi. Kenya ilipata pigo mwaka 2019 msaada wa Marekani uliokuwa ukigharimia sehemu kubwa ya ukusanyaji wa damu ulipokoma, na hospitali nyingi zikabaki kuwaomba jamaa wa mgonjwa watoe. Katika kituo cha mbali, jamaa hao wenyewe huenda bado wako njiani.

Kuna pia dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kuzaa, iitwayo oksitosini. Hiyo hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8. Katika joto la Garbatulla, friji ikizima dawa hupungua nguvu kimyakimya. Muuguzi humdunga mama sindano akiamini amemkinga, kumbe chupa imebaki na maji matupu, au karibu na hivyo.

Ongeza hapo migomo. Mwaka 2017 peke yake, madaktari wa hospitali za umma walirudi kazini mwezi Machi baada ya siku 100, kisha wauguzi wakagoma kutoka Juni hadi Novemba. Mjini, mwenye fedha hukimbilia hospitali ya binafsi. Kwa mfugaji, kituo cha serikali kikifungwa mara nyingi hakuna pengine pa kukimbilia.

Dawa ya kwao si lazima iwe dawa ya kwetu

Jambo jingine ni kwamba baadhi ya matibabu yaliyofaa kwingineko yamethibitika kuwa na hatari hapa kwetu. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa kali aliyeingia hospitalini akiwa na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika aliwekewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyoagiza.

Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland waliupima utaratibu huo kwa watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo yalitolewa mwaka 2011, na yaliwashtua wengi. Kati ya watoto waliopewa maji hayo ya haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya ambao hawakupewa, walifariki 7 hivi katika kila 100.

Tafadhali usielewe vibaya. Uchunguzi huo haukuwahusu watoto wanaoharisha na kukaukiwa maji mwilini. Hao wanahitaji maji, tena upesi. Funzo lake ni kwamba mahali pasipo na mashine za kumsaidia mtoto kupumua, matibabu yanapaswa kupimwa papo hapo yatakapotumika.

Kutoka wodini si mwisho

Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuata watoto 3,101 wadogo waliolazwa katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Katika miezi sita, watoto 350 walifariki, na karibu nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye utapiamlo. Mtoto hutibiwa nimonia akapata nafuu, kisha hurudi kwenye boma lisilo na maziwa, na kisima kilicho mbali. Akiugua tena wiki ya tatu, mamake huikumbuka ile safari na gharama yake, na husitasita.

Yapo yanayowezekana

Msomaji asikate tamaa, maana mengi ya haya yana dawa, tena si ghali. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya uchunguzi katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliowahusisha akina mama zaidi ya 210,000. Wakunga walitumia mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu inayomtoka mama, badala ya kukisia kwa macho. Damu ilipozidi kiasi, walitoa matibabu yote kwa mpigo: kukanda tumbo, dawa, maji ya dripu na uchunguzi. Visa vya kuvuja damu vibaya vilipungua kwa asilimia 60.

Ipo pia dawa inayostahimili joto kuliko oksitosini, iitwayo kabetosini. Nyingine, asidi ya traneksami, ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja, kama ilivyothibitishwa mwaka 2017. Na katika sehemu kadhaa za kaskazini, nyumba za kungojea zimejengwa karibu na vituo ili mama wa mbali asogee mapema.

Wewe unaweza kufanya nini?

Kwanza, toa damu. Mtu mzima mwenye afya njema na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kutoa, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Usingoje jamaa yako alazwe.

Pili, zijue dalili za hatari na uwaeleze walio mashambani. Mama mjamzito akivuja damu, akiumwa sana na kichwa huku macho yakitia giza, akivimba uso na mikono, au mtoto akiacha kucheza tumboni, asingoje alfajiri. Mtoto mdogo akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea, au mbavu zikibonyea ndani anapopumua, apelekwe mara moja.

Tatu, ikiwa una jamaa mjamzito aliye mbali na hospitali, tafuteni mapema nani mwenye gari, nambari yake ya simu ni ipi, na fedha zitatoka wapi. Muhimu kuliko yote, kubalianeni nani ataruhusu safari ikiwa mume hayupo.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Walikuwa wakimwonya mtu mmoja mmoja, lakini kwa mama wa Garbatulla anayechelewa ni serikali, barabara, benki ya damu, na sisi wenyewe. Yeye saa zake ni mbili tu.