Madubwana Yasiyopata Kuonekana Runingani

Najua ukilifungua jarida la Chama cha Kiswahili unatarajia ngeli, methali, ama shairi la kumuaga mwalimu anayestaafu. Hayo yamo, utayakuta mbele. Mimi mwaka huu nakuletea madubwana. Usifunge ukurasa kwanza!

Hapa kwetu Airport haipiti asubuhi hujamuona mtoto wa nasari na mkoba wa manjano wenye masikio marefu yenye ncha nyeusi. Huyo ni Pikachu. Yumo mikobani, yumo kwenye fulana za mitumba pale Magongo, yumo juu ya majalada ya daftari. Hata bibi yangu, ambaye hajapata kuikalia katuni ile dakika moja, anamjua. Humwita "yule panya wa stima". Naye hakukosea sana, maana Pikachu ni panya na silaha yake ni umeme.

Lakini umepata kujiuliza, mwenzangu, ni wangapi waliochorwa pamoja naye wakaachwa nje? Wa ndani tunawajua. Wa nje ndio habari yangu.

Kwanza tuelewane asili yake. Katuni yenyewe huitwa Pokémon, na ni ya Japani. Mwenye wazo ni Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu. (Jina lake lisikudanganye, si tajiri wa Kiswahili, ingawa baadaye mambo yalimnyookea.) Mwaka 1990 yeye na wenzake wa kampuni ya Game Freak waliipelekea Nintendo pendekezo la mchezo wa kukamata na kufuga madubwana. Mchezo uliingia madukani tarehe 27 Februari 1996, na katuni ya runinga ikafuata tarehe 1 Aprili 1997. Basi mchezo ndio mama, katuni ndiye binti. Dubwana lililokataliwa na mama, kwa kawaida, binti hakulijua.

Chukua huyo huyo Pikachu. Aliyemchora ni mwanamke, Atsuko Nishida. Katika mahojiano ya mwaka 2018 alieleza kuwa mwanzoni kabisa Pikachu alifanana na daifuku, yaani kitumbua cha Kijapani cha unga wa mchele, kilichochomoza masikio. Madubwana haya hukua na kugeuka umbo: Pikachu akikua huwa Raichu. Sasa sikiliza. Raichu naye alikuwa na mkubwa wake, akiitwa Gorochu, mwenye pembe na meno ya kutisha, mfano wa mungu wa radi. Alichorwa akakamilika. Kilichomtoa si ubaya wa sura. Watengenezaji waliona mizani ya mchezo haikai sawa akiwemo, wakamfuta. Gorochu hakupata kukanyaga runinga hata siku moja, na mimi nikimfikiria huona kama mtu aliyefaulu mtihani vizuri kisha akaambiwa shule imejaa.

Na kweli kujaa kulikuwepo. Kifaa cha mchezo cha siku zile kilikuwa na nafasi finyu mno. Dubwana la 151, Mew, liliingizwa dakika za mwisho na Shigeki Morimoto baada ya programu za kutafutia makosa kuondolewa, zikabaki kama baiti 300 tupu. Baiti moja huhifadhi herufi moja tu, ndugu yangu. Aya hii fupi unayoisoma sasa haitoshei humo! Mew akapenya mlango ukifungwa, na leo ni mashuhuri dunia nzima. Bahati ya mtu ni kitu cha ajabu.

Wenzake wengi hawakuipata bahati hiyo. Mnamo Novemba 1997 mchezo wa pili ulionyeshwa watu kwenye maonyesho ya Nintendo huko Japani, ungali haujaiva. Ulipotoka rasmi tarehe 21 Novemba 1999 ulikuwa umebadilishwa sana. Kilichobadilika hakikujulikana vizuri mpaka Mei 2018, nakala ya yale maonyesho ilipovujishwa. Mlikuwa na madubwana tele ambayo hayajapata kuonekana tena. Kila anayeanza mchezo hupewa achague moja kati ya matatu, la majani, la moto na la maji. Kati ya matatu ya mwaka 1997, la majani pekee, Chikorita, ndilo lililosalimika. Dubu wa moto na mwenzake wa majini walipotea njiani.

Mmoja nilimpenda kuliko wote, nadhani kwa sababu ni mnyama wa kwetu. Ni Girafarig, twiga. Jina lake likisomwa kutoka nyuma ni lile lile. Na kwa Kijapani pia, Kirinriki, ambapo kirin ndiye twiga. Katika mchoro wa kale alikuwa na vichwa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, humjui anayekwenda wala anayerudi. Katika mchoro uliotumika, cha nyuma kimepunguzwa kikawa mkia wenye uso. Na wengine walioachwa walifufuka. Katika nakala ile ya 1997 mlikuwa na kijinyama cha majani kinachotokana na Eevee. Kikalala miaka tisa, kisha mwaka 2006 Leafeon akatoka, wa jina lile lile na wa majani vile vile. Kwa hivyo yule aliyeuhifadhi mchoro ule, badala ya kuwashia jiko, alijua alifanyalo.

Mbali na mizani na nafasi, kuna sababu nyingine ambayo mtazamaji haioni: kazi ya mkono. Picha za filamu hupita 24 kwa kila sekunde. Katuni nyingi za runinga za Kijapani, ili kupunguza gharama, huchora picha 8 na kuirudia kila moja mara tatu. Hata hivyo piga hesabu: dakika moja ya dubwana linalotembea ni michoro 480. Kila doa na kila unywele utarudiwa mara 480, na wachoraji mbalimbali, na lazima lifanane. Ndiyo maana kila dubwana huwa na karatasi yake ya vipimo, inayolionyesha mbele, ubavuni na mgongoni. Zimwi letu la vichwa saba, linalotisha hivyo katika ngano, lingerudishwa mlangoni siku ya kwanza. Si kwa kuwa halitishi, bali kwa kuwa ni vichwa saba mara 480.

Hadi hapo nimesema juu ya walioachwa kabla ya kuonekana. Wapo pia waliofukuzwa baada ya kuingia, na hawa kisa chao ni kizito zaidi.

Tarehe 16 Desemba 1997 jioni kilirushwa kipindi kilichomhusu Porygon, dubwana la ndani ya kompyuta. Katikati ya vita Pikachu alipiga makombora kwa umeme wake, na skrini ikamweka nyekundu na buluu, nyekundu na buluu, kama mara 12 kwa sekunde. Watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitalini. Wengine waliumwa na kichwa na kutapika, wengine walipatwa na mtukutiko. Wengi wao walipata nafuu upesi. Sababu ni kuwa bongo za watu kadhaa hazivumilii mwanga unaowaka na kuzima haraka namna ile. Ni jambo la kitabibu. Nalisema wazi kwa sababu hapa kwetu mtoto akianguka kifafa hakosekani mtu wa kusema kapandwa na pepo, na badala ya zahanati akapelekwa kwingine.

Katuni ilisimamishwa miezi minne, ikarudi Aprili 1998. Pikachu akarudi nayo. Porygon hakurudi, wala wakubwa wake wawili waliokuja baadaye hawakupata kupewa kipindi chao. Hebu niambie, aliyepiga umeme ni nani? Pikachu! Aliyefungiwa ni nani? Mnyonge hana haki, chambilecho wahenga. Ati wengine husema Porygon aliondolewa ili watu wasikumbushwe msiba. Sawa, lakini mkoba wa nasari mbona una sura ya yule mwenye umeme?

Wa Jynx ni kisa kingine, na hapo mimi sina huruma na mchoro. Jynx alichorwa uso mweusi tititi, midomo minene iliyotuna, nywele ndefu za manjano. Mnamo Januari 2000 Carole Boston Weatherford, Mmarekani mweusi anayeandika vitabu vya watoto, aliandika gazetini kuwa sura ile inafanana na vikaragosi vya dhihaka ambavyo watu weusi walichorwa zamani. Vipindi vyake kadhaa vikaondolewa kwenye matangazo ya Marekani, na baadaye uso ukapakwa rangi ya zambarau, katika michezo na katika katuni.

Nilipowasomea wenzangu habari hii darasani mmoja alisema, "Wacha bwana, ni katuni tu, hao Wajapani hata sisi hawatujui." Nikamwambia hapo ndipo penye neno. Wahenga walinena zimwi likujualo halikuli likakwisha. Je, lile lisilokujua? Mchoraji asiyekujua anaweza kukuchora asivyokusudia, na asipotokea mtu wa kumwambia "hilo silo", litapita hivyo hivyo hadi kwenye mkoba wa mdogo wako. Bibi Weatherford alisema, na kusema kwake kukabadilisha rangi.

Neno hilo, "hilo silo", ndilo lililonikumbusha Nunda. Ngano ya Sultani Majinuni na Nunda mla watu ni ya pwani yetu, na Edward Steere aliichapisha katika kitabu chake cha ngano za Unguja mwaka 1870. Nunda alianza kama paka wa sultani aliyekula kuku wa watu, sultani akamtetea, paka akazidi mpaka akala watu, wakiwemo wana wa sultani mwenyewe. Mtoto mdogo, ambaye hakuna aliyemthamini, akaapa kumuua. Basi akaingia porini. Akaua mbwa, akamburura hadi kwa mamake akiimba kwa furaha kuwa amemuua Nunda. Mama akamwambia siye. Akarudi porini. Akaleta punda milia, siye. Akaleta twiga, siye. Kifaru, siye. Tembo, siye!

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka tu. Sasa naona mama yule alikuwa akifanya kazi ile ile ya mzee wa meza ya wachoraji kule Japani. Na vipimo vilikuwepo: Nunda ana masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoadoa kama ya fungo, na mkia mnene. Karatasi nzima ya vipimo hiyo, bila karatasi! Mtoto alipomkuta mnyama amelala, alimlinganisha na alama hizo moja moja kabla hajampiga. Na msimulizi wa zamani hakuwatupa wale wanyama walioshindwa. Yule twiga na yule tembo wamebaki ndani ya kisa hadi leo, maana bila wao Nunda angekuwa paka mkubwa tu.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya jambo lililo shuleni mwetu hivi sasa. Muhula wa pili chama kilitangaza kuwa kinataka mchoro wa zimwi kwa jalada hili unalolishika. Ilikuja michoro 23. Umetumika mmoja, nao ni mzuri, sina ubishi. Ile 22 iliwekwa katika katoni ya sabuni, na katika mkutano uliopita kukawa na hoja kwamba katoni inajaza kabati, michoro itolewe ikachomwe pamoja na karatasi za mitihani ya mazoezi. Hoja haijapigiwa kura. Mimi nitapiga ya hapana, na nawaomba wanachama wenzangu mnifuate.

Niliipitia yote 22 Jumamosi moja, ndege zikipita juu ya bati kama kawaida yake. Mingine ni Godzilla wa kunakili, nasema kweli tupu. Lakini muna zimwi la kidato cha kwanza ambalo miguu yake ni magurudumu ya ndege na tumbo lake lina mlango wa kushukia abiria. Waliomezwa wanachungulia madirishani. Lilikataliwa kwa sababu rangi zake zingezidi gharama ya uchapaji wetu, ambao ni wa rangi mbili. Muna Nunda aliyechorwa na mtu asiyeandika jina, masikio madogo na mkia mnene vile vile kama ngano isemavyo, ila amekalia ukuta wa uwanja wa ndege akitazama taa. Huyo alikataliwa kwa kuwa alichorwa kwenye karatasi ya mistari. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyekataliwa kwa ubovu.

Nimeshaandika nyuma ya kila mchoro tarehe, kidato, na sababu ya kuachwa kwa maneno machache. Katoni iko nyuma ya kamusi, rafu ya chini. Mwenye Nunda wa karatasi ya mistari na ajitokeze atie jina lake. Kalamu nimeiacha humo humo.