Joto la chumba laweza kuharibu vipimo vya maabara

UKIENDA kupimwa katika zahanati ya mtaani Kibera au Kawangware, je, huwa unajiuliza kifaa kinachopokea tone la damu yako kilihifadhiwa wapi? Vifaa vingi vya kupima haraka malaria au virusi vya Ukimwi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30 za selsiasi. Chanjo nyingi na baadhi ya dawa za maabara huhitaji nyuzi 2 hadi 8. Mipaka hiyo ikivukwa, jibu unalopewa laweza kuwa la uongo.

Wengi hudhani Nairobi ni baridi kwa kuwa iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lakini watafiti walioweka vipimajoto vipatavyo 50 Kibera, Mathare na Mukuru katika msimu wa joto wa 2015 na 2016 waligundua kwamba mitaa hiyo ilikuwa na joto zaidi, kwa nyuzi kadhaa, kuliko kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner. Kituo hicho hakiko mbali na Kibera wala Kawangware. Kwa hivyo, usitegemee utabiri wa redioni kujua hali ya chumba chenye paa la mabati.

Vyombo visivyo na waya

Kipimajoto cha kawaida husomwa asubuhi na jioni. Stima ikipotea usiku wa manane, hakuna anayejua. Chombo kisicho na waya hutumia betri, hupima joto na unyevu wa hewa kila baada ya dakika chache, na kutuma habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye mtambo wa kupokea. Mtambo huo nao hutuma ujumbe kwa simu ya msimamizi. Hakikisha mtambo pia una betri, la sivyo utazimika pamoja na jokofu.

Namna ya kuviweka

Weka kimoja katikati ya jokofu, si mlangoni wala karibu na barafu. Kingine kiwe kwenye rafu ya vifaa vya kupimia, mbali na dirisha na jua.

Kumbuka kwamba mabati na kuta za chuma za jokofu huzuia mawimbi. Weka mtambo wa kupokea katika chumba hicho hicho, ufunge mlango wa jokofu, kisha uone kama habari zinafika. Zisipofika, tumia chombo kinachobaki nje huku ncha yake ikiingia jokofuni kwa waya mwembamba.

Jaribu usahihi wake. Tia ncha isiyopenya maji katika glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo: yapaswa kusoma 0. Usitumie maji yanayochemka, kwani hapa Nairobi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa unyevu, fungia chombo ndani ya kopo pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, bila kugusana. Baada ya saa kadhaa kinafaa kusoma karibu asilimia 75.

Kengele ikilia

Kwa chanjo, Shirika la Afya Duniani huweka kengele joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sufuri kwa saa moja. Baridi kali huharibu chanjo kama za pepopunda na homa ya ini aina ya B, na huenda jicho lisione tofauti.

Ujumbe uwafikie watu wawili au zaidi, maana kengele isiyo na wa kuitikia haina faida. Vifaa vilivyoathirika vitengwe, viandikwe "visitumike", na wakubwa wa afya waarifiwe.

Nawe msomaji, ukienda kupimwa, angalia tarehe ya mwisho ya kifaa na uone pakiti ikifunguliwa mbele yako, kwani iliyoachwa wazi hunyonya unyevu. Usione haya kuuliza. Afya ni yako.