Namba Kubwa Darasani: Tukome Wapi Kugawanya?

Mwanafunzi wa darasa la sita huitafutia 84 vigawo vyake tasa bila taabu. Mpe 167,411, naye atajaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kisha atatangaza kuwa namba hiyo ni tasa. Kosa hili tumelikuta hata kwa wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, na kwa maoni yetu chanzo chake ni sisi wakufunzi: twafundisha namna ya kuanza kugawanya, hatufundishi mahali pa kukoma.

Tuchukue mfano wa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,192,728 mkoani Iringa na 2,343,754 mkoani Mbeya.

Tuanze na Iringa. Tarakimu tatu za mwisho, 728, hugawanyika kwa 8. Basi namba nzima hugawanyika, kwa kuwa 1,000 ni 8 mara 125, na maelfu yote yamekwisha kugawanyika. Sababu hii itajwe darasani, maana kanuni isiyo na sababu husahaulika kabla ya likizo. Twapata 149,091. Jumla ya tarakimu zake ni 24, hivyo twagawanya kwa 3 na kupata 49,697. Hapo 7 yaacha baki, 11 yaacha baki, 13 vilevile. Je, tukome?

La. Namba ikiwa zao la namba mbili, hizo mbili haziwezi zote kuzidi kipeuo chake cha pili, ama sivyo zao lao lingeizidi namba yenyewe. Sasa 223 mara 223 ni 49,729, nayo yaizidi 49,697. Yatosha basi kujaribu namba tasa zote hadi 211. Ziko 47; darasa kubwa likigawana kazi, kila mwanafunzi namba yake, shughuli huisha upesi. Zote huacha baki: 49,697 ni tasa.

Twende Mbeya. Tukigawanya kwa 2, kisha kwa 7, twafikia ile 167,411. Aliyekomea 13 atasema ni tasa, kama alivyosema kwa Iringa, na safari hii amekosea: 83 mara 2,017 ni 167,411. Mwenendo uleule umeleta jibu sahihi Iringa na kosa Mbeya. Mwalimu asahihishaye majibu peke yake hatamtambua aliyebahatisha. Kwa hiyo tudai kila mwanafunzi aandike alikomea namba ipi, na kwa nini hapo.

Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba hizi ni 2 tu, na kila moja ina vigawo 16. Wanafunzi huipenda sadfa hii, ingawa haituelezi lolote kuhusu watu wenyewe, na vichanga waliozaliwa kesho yake walikwisha kuivuruga.