Kuchagua Zulia Lifaalo kwa Chumba

Udongo mwekundu wa Thika na Ruiru huingia nyumbani pamoja na viatu: wakati wa kiangazi ni vumbi, na wakati wa mvua ni matope. Kwa hiyo mwenye kununua zulia asitazame uzuri wa rangi tu. Kwanza aitazame sakafu yake.

Ikiwa sakafu ni ya udongo, zulia halifai. Huzuia ufagio, huficha unyevu, na katika vumbi lililo chini yake viroboto na funza huzaliana. Fedha hizo ni afadhali ziwekwe za kununulia saruji. Kwa sasa mkeka wa kuanikwa juani kila siku watosha.

Penye saruji, chumba na kipimwe kabla ya kwenda dukani. Chumba cha futi 10 kwa 10 chafaa zulia lisilozidi futi 8 kwa 8, ili futi moja ibaki kila upande.

Zulia la katani, nyuzi za mkonge uliolimwa tangu zamani katika mashamba makubwa ya Thika, huvumilia miguu mingi, lakini maji hulitia madoa. La sufu ni laini, ila ni ghali. La nyuzi za plastiki huoshwa na kukauka upesi, nalo lafaa penye watoto. Lakini penye mtoto mwenye pumu, sakafu tupu ya kupigwa deki ni bora kuliko zulia lolote.

Rangi ya kahawia huficha udongo. Hata hivyo, kuficha siko kusafisha: zulia na likung'utwe nje kila juma.